Siku ya Soko Katika Nchi ya Chai

Mazungumzo juu ya mboga, maua, na usalama wa wauzaji katika Kericho na Bomet

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Kericho kwenda Litein, na kutoka Litein kwenda Sotik, huona chai mbele yake na chai nyuma yake. Vilima vimefunikwa na kijani kibichi kilichokatwa sawasawa kama zulia, na katikati yake wamo wachumaji wenye vikapu migongoni. Kwa sababu hiyo wageni wengi hudhani ya kuwa watu wa nchi hii huishi kwa chai peke yake. Sivyo. Chai huleta fedha, lakini chai haijazi chungu. Vitu vijazavyo chungu hutoka sokoni, na mazungumzo haya ni juu ya soko hilo: jinsi lilivyo, jinsi lilivyoanza, na jambo moja zito ambalo kila auzaye na kila anunuaye yampasa kulifikiri.

FEDHA ZA CHAI NA FEDHA ZA MBOGA

Mkulima mdogo wa chai katika Kericho na Bomet huchuma majani mawili na chipukizi, huyapeleka kwenye kituo, nayo hupimwa kwa mizani na kuandikwa. Kisha lori huyachukua mpaka kiwandani. Viwanda vya wakulima wadogo, kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, vimeunganishwa na shirika lijulikanalo kwa herufi nne, KTDA, ambalo asili yake ni mamlaka iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa desturi mkulima hulipwa mara mbili. Kwanza hupewa kiasi fulani kwa kila kilo, mwezi kwa mwezi. Halafu, mwaka ukiisha na hesabu zikifungwa, hupewa malipo ya pili, ambayo kila mtu huyaita bonasi.

Bonasi ni kitu kikubwa. Hulipa karo, huezeka nyumba mabati, hununua ng'ombe wa maziwa. Lakini mtoto hawezi kuambiwa asubiri bonasi ndipo ale. Chumvi, sabuni, kalamu ya shule na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali huko Tenwek au Kapkatet hudai fedha leo, wala si mwezi wa kumi. Fedha za leo hutoka katika kishamba kidogo kilicho nyuma ya nyumba, penye sukuma wiki, kabichi, vitunguu na viazi.

Tena kuna jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Katika nyumba nyingi nambari ya mkulima, ile ipelekwayo kiwandani, huandikwa kwa jina la mume, ingawa mke ndiye achumaye. Fedha za chai hupitia mkononi mwa baba. Fedha za mboga hufungwa katika ncha ya leso ya mama. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama watoto wa nyumba fulani hushiba, asitazame chai yao peke yake. Na akatazame pia kikapu ambacho mama huenda nacho sokoni.

ASUBUHI YA SOKO

Miji midogo ya nchi hii, kama Litein, Kapkatet, Silibwet na Mulot, huwa mitulivu siku nyingine, lakini siku ya soko hugeuka kabisa. Kazi yenyewe huanza jana yake. Jua likianza kushuka, mama huingia shambani kuchuma mboga, kwa maana mboga iliyochumwa mchana hunyauka kabla haijafika. Huifunga mafungu kwa kamba ya mgomba, huinyunyizia maji, na kuifunika kwa gunia bichi usiku kucha. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, wauzaji hutoka. Wengine hupanda pikipiki, gunia likiwa nyuma. Wengine huswaga punda, hasa upande wa Bomet. Wengi huja kwa miguu.

Saa mbili ya asubuhi uwanja umejaa. Upande mmoja zimo kabichi zilizopangwa kama kuta, na viazi kutoka nyanda za juu za Mau, bado vina udongo mwekundu. Upande mwingine zimo nyanya, karoti, maharagwe mapya na mahindi mabichi. Ndizi zimetoka Kisii. Dagaa, ambazo huku huitwa omena, zimetoka Ziwa Victoria, na mwenye kuziuza mara nyingi ni bibi aliyepanda gari usiku. Mahindi makavu na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, kile kibati ambacho kila mnunuzi hukitazama vizuri ajue kama hakikubonyezwa chini.

Lakini mahali panapopendeza zaidi ni pale wanapoketi akina mama wazee wenye mboga za kienyeji. Hao huuza managu, na saga ambayo Wakipsigis huiita isagek. Mboga hizi ni chungu kidogo, na mgeni asiyezijua huzikunja uso. Mpishi hodari huzichemsha, humwaga maji ya kwanza, hutia maziwa au malai, kisha huziacha chunguni mpaka kesho yake. Hapo uchungu hupungua na utamu huingia. Zamani watu wa mjini walizidharau wakisema ni chakula cha maskini. Siku hizi huzitafuta, na waganga wa hospitali huwashauri akina mama wenye mimba wazile kwa ajili ya kuongeza damu.

Kununua huku kuna adabu yake. Mtu hafiki akashika fungu na kuuliza bei kama anayegombana. Kwanza husalimu.

"Chamgei, kogo," kijana mwalimu humwambia ajuza mwenye managu, maana kogo ni nyanya kwa lugha ya Wakipsigis.

"Chamgei mising, mwanangu. Watoto wa shule hawajambo?"

"Hawajambo, kogo. Fungu hili ni kiasi gani?"

"Shilingi 20. Lakini wewe si mgeni hapa. Chukua mawili, nikuongeze hiki kishada cha tatu."

Kishada hicho ndicho kiitwacho nyongeza. Si hasara kwa muuzaji. Ni kamba imfungayo mnunuzi, ili juma lijalo arudi pale pale. Soko lote limejengwa kwa kamba za namna hiyo, na mtu asiyeziona hawezi kufahamu kwa nini muuzaji huogopa kuhama mahali alipozoea kuketi.

MAUA YA NCHI YA CHAI

Mtu aliyesikia habari za masoko ya maua huko Ulaya huenda akauliza: Je, maua hayauzwi huku? Yako, lakini kila ua lina njia yake. Katika sehemu za juu zenye baridi, kama Londiani na Kuresoi, wakulima kwa miaka mingi wamelima pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, ambalo hukaushwa na kutolewa dawa ya kuulia wadudu. Ua hilo hupimwa kwa kilo wala halipambi meza. Tena mashamba makubwa ya Kericho yamepata kulima maua ya kupelekwa Ulaya kwa ndege, nayo jirani wa shamba hakuyaona sokoni kwake hata siku moja.

Yako na maua ambayo watu wenyewe huyaheshimu. Senetwet ni mti mdogo wenye maua ya manjano, uotao kando ya njia. Mkaa wake ndio husugulia ndani ya vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandisha, ukayapa rangi ya kijivu na harufu nzuri. Na sinendet ni mmea utambaao ambao majani yake husukwa kuwa taji, akavikwa bwana arusi, au mkimbiaji arudiye nyumbani na ushindi. Siku hizi pia huonekana, karibu na miji, vijana wauzao miche ya maua na ya miti ndani ya mifuko midogo ya udongo. Kazi hiyo haihitaji shamba kubwa, na vijana wengi wasio na urithi wa ardhi wamepata riziki kwayo.

SOKO LILIVYOANZA

Tangu zamani za kale Wakipsigis walikuwa wafugaji na wakulima wa wimbi, na walibadilishana vitu na jirani zao. Mwaka wa njaa mtu alipeleka mbuzi kwa Wakisii akarudi na nafaka. Hayo yalikuwa mabadilishano ya wenye kujuana.

Mambo mawili yaliyapanua. La kwanza ni reli, iliyopita Londiani, Lumbwa (mahali ambapo sasa paitwa Kipkelion) na Fort Ternan, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. La pili ni chai yenyewe. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kufungua mashamba makubwa Kericho, na maelfu ya wafanya kazi wakaja kutoka Kisii, Nyanza, Uluhya na kwingineko. Watu hao walikaa katika nyumba za kampuni wala hawakuwa na mashamba ya kuwatosha. Walihitaji mboga kila siku. Hivyo chai, ambayo haijazi chungu, ndiyo iliyoleta wanunuzi wa vitu vijazavyo chungu.

Tena miaka ya karibuni ililetwa sababu nyingine ya kulima mboga. Mwezi wa Septemba mwaka 2011, huko Longisa katika Bomet, uligunduliwa ugonjwa mpya wa mahindi usababishwao na virusi vya aina mbili vikiingia pamoja katika mmea mmoja. Majani yalikauka kutoka ukingoni, na mabua yakasimama bila kuzaa. Mabwana shamba waliwashauri wakulima wasipande mahindi juu ya mahindi msimu kwa msimu, bali wabadili, wapande viazi, mboga au maharagwe. Wengi waliotii waliona ya kuwa shamba lenye mazao manne haliangushwi na ugonjwa mmoja. Lakini mazao manne yataka soko, kwa maana kabichi haihifadhiwi ghalani kama mahindi. Isipouzwa juma hili, juma lijalo ni chakula cha ng'ombe.

KWA NINI WAUZAJI HUTOKA BARABARANI

Hapa ndipo jambo zito linapoanza. Mtu apitaye katika barabara kubwa za nchi hii ataona ya kuwa karibu kila kituo cha magari kina safu ya wauzaji waliokaa kando ya lami: nyanya katika ndoo, karoti zilizooshwa, kabichi juu ya magunia. Gari likisimama, hukimbia kwenye madirisha. Likiondoka, hurudi nyuma hatua mbili, wakangoja jingine.

Wako wanaosema ya kuwa hao ni watu wasiosikia. Si kweli. Hao hufanya hesabu. Ndani ya soko mnunuzi ni jirani, naye pia ana kishamba chake cha sukuma wiki. Barabarani mnunuzi ni msafiri aendaye Nakuru, Kisumu au Nairobi, asiye na shamba, mwenye fedha mkononi na haraka moyoni. Tena mchumaji wa chai na mtumishi wa ofisi hutoka kazini jioni. Hapo soko la ndani limekwisha fungwa, halina taa, bali kituo cha magari kina mwanga wa maduka. Na katika nchi hii mvua hunyesha alasiri karibu siku zote, mara nyingi pamoja na mvua ya mawe. Uwanja usio na paa hugeuka tope, na lami ndipo mahali pakavu palipobaki.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini barabarani hata kilicho chema hulazimika kujitembeza, na atembezaye huweka mwili wake kati ya bidhaa na magurudumu.

JIONI YA TAREHE 30 JUNI 2023

Barabara itokayo Nakuru kwenda Kericho hupita mahali ambapo njia ya mji wa Londiani hujitenga nayo. Makutano hayo huitwa na wote Londiani Junction. Kwa miaka mingi yalikuwa mahali pa kupanda na kushuka magari, na kwa hiyo mahali pa kuuza mboga, matunda na mahindi ya kuchoma.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, saa ambayo watu hurudi nyumbani na wauzaji hutazamia kumaliza bidhaa zao, lori kubwa lililobeba kontena, likielekea upande wa Kericho, lilimshinda dereva. Liliacha njia, likayagonga magari ya abiria na pikipiki zilizokuwa zimesimama, likapita katikati ya wauzaji na wanunuzi. Watu zaidi ya 50 walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Wako waliokuwa wakipima nyanya. Wako waliokuwa wakingoja chenji. Wako waliokuwa wameketi ndani ya matatu, wakiwa na mboga ya nyumbani magotini.

Nchi nzima ililia. Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa wakati ule, Kipchumba Murkomen, alitangaza ya kuwa masoko yaliyo kando ya barabara kuu yataondolewa na kupelekwa mahali pa salama. Wakati huo makaburi yalikuwa bado mapya.

Watu husema ajali haina kinga. Neno hilo ni la kuwafariji waliofiwa, nalo lina nafasi yake matangani. Lakini si neno la kupangia soko. Lori lililoshindwa kusimama laweza kutokea tena barabara yo yote yenye mteremko. Jambo ambalo laweza kuzuiwa ni lori hilo kukuta umati wa watu umeketi kando ya lami. Umbali kati ya magurudumu na kikapu cha mama ndio kinga.

SOKO LA NANI, BARABARA YA NANI

Yafaa kila mtu aelewe jinsi mamlaka yalivyogawanywa. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kazi ya masoko ni ya serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa mwezi wa Machi 2013. Lakini barabara kuu zipitazo nchi nzima ni za serikali ya taifa. Basi muuzaji aketiye ukingoni mwa barabara kuu ameketi hasa pale mamlaka mawili yanapokutana. Wa barabara husema, "Hawa ni watu wa soko." Wa soko husema, "Pale ni pa barabara." Katikati ya maneno hayo mawili mama huendelea kupanga nyanya zake. Kwa hiyo hakuna upande mmoja uwezao kumaliza jambo hili peke yake. Lazima wakae meza moja.

Tena soko jipya si kuta tu. Katika sehemu nyingi za Kenya yamejengwa masoko mazuri yenye paa la mabati, yakabaki matupu, mbuzi wakilala ndani, kwa sababu yalijengwa mbali na njia ya watu. Soko litakalowavuta wauzaji kutoka barabarani lataka mambo manne. Kwanza, kituo cha magari kiwe ubavuni mwake, ndani ya uzio, ili abiria ashukapo ashukie mbele ya mboga. Pili, liwe na paa na sakafu, kwa ajili ya mvua ya alasiri. Tatu, liwe na maji safi na vyoo, kwa maana mama akaaye sokoni tangu alfajiri mpaka usiku, pengine na mtoto mgongoni, ni mwanadamu. Nne, liwe na taa, ili wachumaji watokao kazini jioni wapate kununua humo. Soko lisilo na taa limewaambia wanunuzi wa jioni waende barabarani.

YAWAPASAYO WAUZAJI NA WANUNUZI

Lakini hata soko likiwa na hayo yote, kuna ugumu mmoja ambao serikali haiwezi kuuondoa. Muuzaji mmoja akihamia ndani na wenzake ishirini wakabaki barabarani, yeye ndiye atakayelala na bidhaa zake, na kesho atarudi nje. Wafugaji wanalijua jambo hili. Mto ukifurika, ng'ombe mmoja peke yake hukataa kuvuka. Akisukumwa akageuka, wote hugeuka. Wakiingia majini pamoja, wote hufika ng'ambo. Kadhalika wauzaji wa kituo kimoja yafaa wakubaliane siku moja, wote wahame siku hiyo, na wawaambie wateja wao mapema mahali watakapoonekana. Vyama vya akina mama vya kuwekeana akiba, ambavyo viko karibu kila kijiji, vinafaa sana kwa kazi hii, maana wanachama wake tayari wamezoea kuaminiana katika fedha.

Dereva naye ana sehemu yake. Anayesimamisha gari ukingoni mwa lami na kupiga honi ili aletewe kabichi dirishani, yeye ndiye amwitaye muuzaji kwenye hatari. Abiria naye, asemaye "Harakisha, mama, gari linaondoka," amemfundisha mama kukimbia kando ya magurudumu. Muuzaji hufuata mnunuzi kama maji yafuatavyo mteremko. Kama wanunuzi wote wangeingia uwanjani, hakuna ambaye angebaki barabarani hata saa moja. Hatua 50 za kutembea si bei kubwa kwa kabichi safi.

Na muuzaji aliye ndani ya soko azidi kuufanya uwanja wake uwe wa kutamanika. Aoshe mboga kwa maji safi, si kwa maji ya mfereji. Azipange juu ya meza au gunia safi, si juu ya udongo. Aliyepiga dawa shambani ahesabu siku zilizoandikwa katika chupa kabla ya kuchuma, maana mteja aliyeugua harudi, hata apewe nyongeza ya namna gani. Tena aandike mauzo yake katika daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

JIONI YA SOKO

Saa kumi alasiri mawingu hujikusanya juu ya vilima, na matone ya kwanza huanza kulia juu ya mabati. Wauzaji hukunja magunia. Kabichi zilizobaki hupunguzwa bei, au hupewa jirani. Ajuza wa managu hufungua ncha ya leso yake, huhesabu, hufunga tena. Hununua omena kidogo, sukari robo, na kalamu mbili. Kisha hushika njia ya nyumbani katikati ya chai, kikapu kikiwa chepesi.

Nyumbani watoto humngoja mlangoni. Hawaulizi bei ya chai katika mnada wa Mombasa, wala hawaulizi bonasi itatoka lini. Hutazama kikapu kilicho mkononi mwake. Jioni ile ya Juni 2023 wako watoto wa nchi hii waliongoja hivyo hivyo mlangoni, na kikapu hakikuja, wala mwenye kikapu hakuja. Kwa ajili ya watoto wale, na kwa ajili ya wale wanaongoja jioni ya leo, kazi ya kulitenga soko na barabara haifai kuachwa mpaka ajali nyingine ikumbushe. Tahadhari kabla ya hatari.